Kitabu cha Ekskaveta Nilichokisafisha

Mume wangu ni fundi wa ekskaveta, zile mashine za kuchimba zenye mkono mrefu ambazo watu wengi wa huku kwetu huziita vijiko. Hatengenezi mpya. Mpya zina mafundi wao wenye kompyuta na ovaroli zilizopigwa pasi. Yeye anashughulika na zile zilizofanya kazi Japani mpaka wenyewe wakazichoka, zikaletwa kwa meli, zikafanya kazi tena miaka kumi au kumi na mitano kwenye machimbo ya kifusi, na bado mwenye nazo anataka zichimbe kesho asubuhi. Tunaishi Mbwawa, Kibaha, kwenye kiwanja tulichonunua wakati jirani wa karibu alikuwa mwendo wa robo saa. Wateja wake wametapakaa kuanzia Mlandizi hadi ndani kabisa ya Kisarawe.

Mimi ni karani wa masjala katika ofisi moja ya umma hapa mjini. Masjala ndiko majalada yanakotunzwa, na kazi yangu ni kuhakikisha kila karatasi iko mahali pake, ina namba yake, na inapatikana mkubwa akiitaka. Nimeifanya kwa miaka ishirini na miwili na sijawahi kupoteza jalada. Hilo nalisema mapema kwa sababu ndilo lililoniponza.

Katika nyumba yetu kuna vitabu vinne vya matengenezo, kila kimoja cha aina yake ya ekskaveta. Mume wangu alivipata kimoja kimoja, vingine kwa wauza vyuma chakavu, kimoja chini ya kiti cha mashine iliyokuwa imetelekezwa. Ni vinene, vizito, na vyote vimeandikwa kwa Kiingereza. Yeye aliishia darasa la saba, na Kiingereza chake ni majina ya spea tu. Lakini mchoro anausoma kuliko mtu yeyote ninayemjua. Ukimfungulia ukurasa wenye mistari ya njia za oili, toka kwenye tangi hadi kwenye pampu, toka kwenye pampu hadi kwenye valvu na mkono wa mashine, anaifuata kwa kidole bila kusita, kama njia ya kwenda kwa shangazi yake. Maneno ndiyo yaliyokuwa yangu. Tuligawana hivyo tangu tulipooana: picha zake, aya zangu.

Mwanzoni tulisoma pamoja mezani baada ya chakula. Kazi zilipozidi na kumpeleka mbali, tukahamia kwenye simu. Vitabu vikabaki nyumbani, yeye akawa ananipigia akiwa amelala chini ya mashine huko porini, nami namsomea. Hatukuvitaja kwa majina ya kampuni bali kwa rangi za majalada yake: cha njano, cha bluu, cha kijani, na kile kisicho na jalada. Kwa njia hiyo nimejifunza mambo ambayo karani hana haja nayo. Najua bolti za pampu hukazwa kwa kuvuka upande wa pili, si kwa kuzunguka. Najua oili ya haidroliki ikiwa nyeupe kama maziwa imeingia maji. Wenzangu ofisini hucheka nikisema haya, nami huwa nawaacha wacheke, maana najua hakuna mwingine kwenye korido ile anayejua.

Mashine hizi zikifa huchinjwa. Ndivyo mafundi wanavyosema. Mashine moja ikishindikana, pampu yake inakwenda kwa mwenzake wa Kisarawe, mota ya kugeuzia inakwenda Mlandizi, cheni zinakwenda zinakojua zenyewe. Baada ya miaka michache hakuna mashine inayofanana na kitabu chake. Kitabu kinaeleza ilivyotoka kiwandani, na mashine iliyo mbele yako imekwisha kubadilishwa moyo na figo.

Mume wangu alikuwa na njia yake ya kulikabili hilo. Kila alipofunga kifaa cha mashine iliyochinjwa, alichora kisu kidogo kwa penseli pembeni ya mchoro wa kifaa hicho, akaandika namba mpya ya kufuata, na herufi moja ya kumkumbusha mashine ni ya nani. Pasipo na kisu, kifaa ni cha asili. Alitumia penseli kwa sababu alijua mashine itabadilika tena. Na kwa kuwa mikono yake imezoea spana, alikandamiza penseli mpaka karatasi ikabonyea. Haya yote niliyajua baadaye. Hakuwahi kunieleza, nami sikuuliza, kwa sababu alipokuwa nyumbani vitabu alivifungua mwenyewe, na alipokuwa mbali nilimsomea kilichochapwa tu.

Mwaka mmoja nilichukua likizo yangu, nikakuta mchwa wameanza kula boksi la vitabu. Walikuwa wamekula kona za kile kisicho na jalada. Nilichukia kweli. Siku hiyo hiyo nikaenda mjini, nikanunua mifuko ya plastiki ya kuwekea karatasi na mafaili manne magumu, nikaanza kazi kama nilivyofundishwa. Nilifungua kila kitabu, nikatenganisha kurasa. Penye doa la oili nilinyunyiza poda ya watoto, nikaiacha inyonye, nikaipangusa. Halafu nikachukua ufutio.

Masjala kwetu, penseli ni uchafu. Kalamu ndiyo maandishi. Penseli ni mtu aliyekuwa anajaribu kufikiri juu ya karatasi ya serikali, na kabla jalada halijafungwa karani mzuri anaifuta. Nimefuta penseli za wakubwa wanne, mmoja akanisifu mbele ya watu. Basi nilipoona vile vijiti na namba pembeni ya michoro, nilidhani watoto wetu walichezea zamani, au mume wangu alikuwa anapiga hesabu zake. Nilifuta vyote. Ilinichukua siku sita na nikamaliza ufutio mzima. Kila ukurasa nikauingiza kwenye mfuko wake wa plastiki.

Aliporudi jioni nikamwonyesha. Hakuvifungua, mikono ilikuwa na grisi. Alisimama mlangoni akavitazama vilivyopangwa rafuni, akasema sasa vimekuwa vya ofisini. Wiki nzima alimsimulia kila fundi kwamba ana mke aliyevivalisha vitabu vyake. Mume wangu si mtu wa kusifia, na maneno yale niliyatunza moyoni.

Miezi miwili baadaye, Jumamosi asubuhi, alinipigia kutoka Kibuta, Kisarawe. Kulikuwa na ekskaveta ya mwalimu mmoja mstaafu, mwanamke, ambaye mafao yake yote yalikuwa kwenye ile mashine. Ilikuwa inachimba lambo la wakulima na wafugaji wa kitongoji kile, na walitaka likamilike kabla ya masika. Mkono ulikuwa unanyanyuka kwa uvivu. Mume wangu aliona kwamba skrubu ya valvu inayozuia presha isipite kiasi ilikuwa imelegezwa na mtu asiyejulikana, kwa hiyo ilibidi aiweke upya. Geji ya kupimia presha alikwisha kuifunga. Alichohitaji ni namba ya presha.

Alisema nifungue cha kijani, mchoro wa pampu kubwa. Nikafungua. Nikamsomea mia tatu na ishirini.

"Hapo pembeni kuna alama yoyote ya penseli?"

Nilikuwa nimetoka jikoni, kitabu nimekishika kwa mkono mmoja na mwingine naupangusa kwenye kanga. Siwezi kusema sikukumbuka ule ufutio. Nilikumbuka. Ulinipita moyoni kwa muda ule ule wa kupangusa mkono, na mara hiyo hiyo nikajiambia kwamba michoro ya watoto haiwezi kuwa na maana kwa mtu aliye Kibuta na geji mkononi.

"Hakuna," nikasema. "Pasafi kabisa."

Akauliza kama nina uhakika. Nikamjibu kitabu ninacho mkononi.

Mwaka alioifunga ile pampu alibadilisha pampu za mashine mbili za aina hiyo hiyo, na ya tatu akaiacha na yake ya asili. Ndiyo maana hakutegemea kichwa, alitegemea kisu. Kisu hakipo, basi hii ndiyo ya asili. Akakaza skrubu mpaka geji ikasoma mia tatu na ishirini.

Siku mbili mashine ilichimba kwa nguvu hata opereta akapiga simu kushukuru. Siku ya tatu pampu ikaanza kulia, na kabla opereta hajaizima ikakwama. Walipofungua filta walikuta unga wa chuma. Ile ilikuwa pampu kuukuu ya mashine iliyochinjwa, isiyostahili kupita mia mbili na themanini. Ikishavunjika ndani hivyo, unga wake unasambaa mashine nzima, kwenye kila valvu na kila mpira wa oili.

Alirudi nyumbani jioni akanawa mikono muda mrefu. Kisha akaenda rafuni, akatoa cha kijani, akafungua ule mchoro. Nilikuwa nimekaa mbele yake nachambua mchele.

"Hapa niliandika," akasema. Akageuza ukurasa, akaurudisha. "Au nilidhani tu nimeandika."

Pale ndipo nilipotakiwa kusema. Niliendelea kutoa mawe kwenye mchele, na mengine hayakuwa mawe.

Lazima nimtaje baba yake hapa. Mkwe wangu alikuwa mkulima wa Kisarawe, mtu mwenye akili nyingi, na mwisho wa maisha yake akili zilimwacha. Zilianza kumtoka kwa vitu vidogo. Alisema amefunga mbuzi na mbuzi hajafungwa. Alisema amelipeleka jembe kwa jirani na jembe liko uvunguni. Ilifika siku alimtazama mume wangu, aliyekuwa amemshika ili amwogeshe, akamwuliza kwa adabu yeye ni mtoto wa nani. Mume wangu alimjibu, akaendelea kumwogesha. Hakuwahi kulizungumzia tena, lakini mimi naishi naye na najua ni kitu gani anachokiogopa duniani.

Siku nne zilizofuata nilimwona akijipima. Alikaa barazani akitaja kwa sauti ndogo spana za kila mashine: kumi na tisa, ishirini na nne, thelathini na mbili. Alikwenda kuhakikisha kama amefunga geti ambalo nilimwona akilifunga. Aliniuliza mara mbili kama aliwahi kuniuliza jambo fulani. Usiku alikuwa macho, na mimi nikijifanya nimelala. Asubuhi hakuvaa nguo za kazi. Mwalimu alimpigia, naye akamwambia kosa ni lake, kumbukumbu imemtoka, amvumilie atafute pampu. Mimi nilikuwa nakwenda ofisini na kurudi. Kwa nini sikusema? Niliogopa, na niliona aibu. Sifa aliyonipa kwa vile vitabu ilikuwa ndiyo sifa kubwa niliyowahi kupata nyumbani kwangu, nikashindwa kuitoa kwa mkono wangu. Sina sababu nyingine nzuri zaidi ya hiyo.

Jumamosi nikamsikia barazani akizungumza kwa simu na fundi mwenzake wa Mlandizi. Alimwambia aje achukue geji, achukue na vitabu. Alisema yeye kichwa chake kimechoka, na mashine hizi si za mtu mwenye kichwa kilichochoka, ataua mtu. Aliyasema bila huzuni, kama mtu anayeagiza saruji.

Nikatoka.

"Baba, ile alama uliiandika. Mimi ndiye niliyeifuta."

Alinitazama kwa upole, na ule upole ulinichoma kuliko matusi.

"Usinifanyie hivyo," akasema. "Mama naye alikuwa hivyo hivyo. Mzee kila alipolitafuta jembe, mama alimwambia ni yeye aliyelihamisha."

Nikamweleza ufutio, poda, siku sita, nikamtajia na duka niliponunulia mafaili. Aliitikia kwa kichwa kwa kila jambo na hakuamini hata moja. Kadiri nilivyoeleza ndivyo alivyoniona nimekuwa mama yake. Nikaingia ndani, nikachukua cha kijani, nikautoa ule ukurasa kwenye plastiki. Nilikuwa sijui natafuta nini. Nilijua tu kwamba masjala, mtu akifuta namba ya jalada ili aibe kiwanja cha mwenzake, tunaipeleka karatasi dirishani na kuilaza, mwanga uipite ubavuni.

Nilishuka barazani mpaka kwenye jua, nikaulaza ukurasa. Kisu kilikuwepo. Hakikuwa na rangi tena, lakini kilikuwepo, kimebonyea kwenye karatasi na kivuli chake, na chini yake mbili, nane, sifuri, na ile herufi ya mwalimu.

Nikamwita. Alivaa miwani akaja. Akapitisha kidole gumba, akatikisa kichwa, maana kidole gumba chake kina sugu na hakihisi kitu. Akajaribu kidole cha mwisho, kile kidogo. Kikatelemka ndani ya kisu, kikaufuata mpini, kikaja kwenye namba. Akarudia toka mwanzo.

"Kumbe niliandika," akasema. Halafu tena, polepole, "Kumbe niliandika."

Machozi yalimtoka. Sikuwa nimeyaona tangu tulipomzika baba yake. Alikaa chini pale pale uani, ukurasa magotini, na mimi nikasimama kumzibia upepo usiubebe.

Baadaye akakasirika, na nilistahili. Hakufoka. Aliniuliza kama ni kweli aliniuliza kwenye simu, nikasema ni kweli. Aliniuliza kama nilijua, nikasema nilijua nusu.

"Kufuta ni bahati mbaya," akasema. "Siku nne je?"

Niliuchukua ule ukurasa, nikaurudisha kwenye plastiki yake.

Kesho yake tulikwenda Kibuta kwa pikipiki yake, mimi nyuma, faili limo mfukoni. Mwalimu alikuwa amekaa kwenye kivuli cha mashine yake, na lambo limeishia nusu. Nilimwamkia, shikamoo mwalimu, akaitika marahaba, nikamweleza yote nikiwa nimesimama. Mume wangu hakunisaidia neno. Yule mama alisikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza kama nilifuta kitabu hicho kimoja tu. Nikasema vyote vinne.

"Basi vyote vikakaguliwe juani," akasema, "kabla fundi hajagusa mashine ya mtu mwingine."

Pampu nyingine ilipatikana kwa mashine iliyochinjwa Mlandizi, na ilichukua siku nyingi kuosha unga wa chuma toka kwenye mashine. Masika yalikuja kabla kona moja ya lambo haijachimbwa, likajaa hivyo hivyo na ng'ombe wakanywa. Mwalimu hakumwacha fundi wake. Mimi alinitumia salamu kwamba wanafunzi wake wengi waliofuta sana walikuwa hawajui.

Kukagua vitabu kulituchukua Jumamosi tatu. Tulitandika mkeka uani asubuhi, jua likiwa bado liko chini. Mimi nilikuwa nalaza ukurasa, yeye anatafuta kwa kidole kile kidogo, akipata anapitisha penseli juu ya mfereji wa zamani. Safari hii alinieleza maana ya kila alama, nami nikaiandika kwa kalamu kwenye daftari langu. Mbili hazikusomeka kabisa, akaenda kuzifungua mashine zenyewe kuangalia.

Alikuwa anazungumza nami vizuri kuhusu pampu na valvu. Mengine yote alijibu kwa ndiyo na hapana. Jumamosi ya mwisho, tukiwa kwenye kile kisicho na jalada, nilishindwa kuvumilia, nikamwuliza kama amenisamehe. Alikuwa amekaribia kumaliza kisu kimoja, akakimaliza, akapuliza unga wa penseli.

"Bado," akasema. "Ila usiku nalala."